Bali: Kiwanja unacho, pesa unazo, lakini hoteli hujengi. Kwa nini?

Una kiwanja chenye hati, pesa za ujenzi zipo, na bahari inaonekana vizuri kabisa. Kwingine ungeita fundi. Kisiwani Bali, Indonesia, kuna swali linalotangulia: kiwanja chako kiko umbali gani kutoka hekaluni?

Indonesia inajulikana kwa Waislamu wake wengi, ila wakazi wengi wa Bali ni Wahindu. Kwao, utakatifu wa hekalu hauishii ukutani. Unaenea kwenye ardhi, maji na miti inayolizunguka, hata kama hapo ni shamba la mtu.

Umbali gani hasa?

Zamani kipimo kilikuwa jicho: mpaka pale linapoona. Januari 1994, Parisada Hindu Dharma Indonesia, baraza kuu la Wahindu nchini humo, likaweka namba kwenye tamko la kidini linaloitwa bhisama.

Mahekalu makubwa kabisa, sad kahyangan, yalipewa kilomita 5. Yale yanayohusishwa na makuhani mashuhuri wa kale, dang kahyangan, kilomita 2. Madogo hayana kilomita. Kwao kipimo ni pale jiwe linapoangukia likirushwa, au ukuta wenyewe.

Ndani ya eneo hilo panaruhusiwa majengo ya mambo ya dini tu, kama malazi ya mahujaji. Hapo ndipo hata mwenye hoteli ndogo ya vyumba sita anakwama, maana tamko linaangalia umbali. Ukubwa wa hoteli si hoja.

Kilichowasha moto

Tamko halikutoka hewani. Wakati huo kundi la kampuni la familia ya Bakrie lilikuwa na mpango wa kujenga hoteli na uwanja wa gofu karibu na Tanah Lot, hekalu lililo juu ya mwamba baharini. Ni dang kahyangan, na mradi ulikuwa ndani ya zile kilomita 2.

Wanafunzi na wanazuoni waliandamana, jambo la hatari enzi za Suharto. Mradi ulisimama kidogo, ukarekebishwa, kisha ukaendelea. Hoteli ilifunguliwa 1997. Kiukweli, baraza lilishinda hoja likashindwa kiwanjani, kwa sababu tamko la dini halikuwa na polisi nyuma yake.

Miaka 15 baada ya tamko, mwaka 2009, vipimo vile viliingizwa kwenye sheria ya mipango ya ardhi ya jimbo la Bali. Sasa ikawa sheria kamili.

Si Wahindu wote waliofurahi

Hekalu la Uluwatu, kusini mwa kisiwa, ni sad kahyangan. Chora duara la kilomita 5 hapo na sehemu kubwa ya kijiji cha Pecatu inaingia ndani. Wanakijiji, Wahindu wenyewe, walipinga: ardhi yao kavu haistawishi mpunga, na utalii ndiyo riziki. Ni malalamiko mazito, na ukitembea huko leo utaona hoteli nyingi tu.

Benoa ikaenda tofauti

Mwaka 2014 serikali ya Jakarta iliruhusu kufukiwa kwa sehemu ya ghuba ya Benoa ili kujengwe eneo la kitalii. Safari hii vijiji vya kimila viliingia barabarani, pamoja na wanamuziki na wanaharakati. Mwaka 2016 Parisada ikatangaza kuwa ghuba hiyo ni takatifu na ina sehemu 70 za ibada, nyingine zikiwa majini.

Kibali cha mwekezaji kiliisha muda wake 2018. Mwaka 2019 waziri wa bahari akaifanya ghuba kuwa eneo la hifadhi, akizingatia thamani yake ya kidini.

Na mwekezaji mdogo?

Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi moja kwa moja Indonesia, hivyo wengi hukodi kwa miaka mingi. Wengine hulipa kwanza, ramani ya mipango wanaiona baadaye. Huko Bali hata desa adat, kijiji cha kimila, kina sauti: ndicho kinachojua njia ya maandamano ya kwenda baharini kutakasa vyombo vitakatifu kabla ya Nyepi, siku ya ukimya. Ukuta wa hoteli ukiziba njia hiyo, kibali cha ofisini hakitauzuia ugomvi.