Mali ya Rabi au Amana ya Waumini? Mkasa wa Vitabu vya Lubavitch

Mtu anunuapo kitabu huwa ni chake, na afapo huwa cha warithi wake. Kanuni hii yaonekana nyepesi, lakini kuna vitabu vinavyoitia mashakani. Makala haya yanakusudia kuuchunguza mkasa wa maktaba ya Rabi Yosef Yitzchak Schneersohn (1880–1950), kiongozi wa sita wa Wahasidi wa Lubavitch, ili kuonyesha kwamba, miongoni mwa wafuasi wa elimu ya siri ya Kiyahudi, huwezi kuuliza kitabu ni cha nani bila kuuliza pia kiongozi mwenyewe ni wa nani.

Elimu hiyo, iitwayo Kabala, hapo kale ilikuwa ya wachache. Kitabu chake kikuu, Zohar, kilitokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13, nacho hakikupigwa chapa hadi 1558–1560, huko Mantua na Cremona nchini Italia. Uhasidi, uliozuka Ulaya ya Mashariki katika karne ya 18, uliishusha elimu hiyo hadi kwa watu wa kawaida. Rabi Shneur Zalman wa Liadi, mwasisi wa tawi la Lubavitch, alipoona mafundisho yake yanasambaa katika nakala za mkono zilizojaa makosa, alikubali yapigwe chapa mjini Slavita mwaka 1796. Kitabu hicho ndicho Tanya. Basi tangu mwanzo maandishi ya kiongozi yaliandikwa kwa ajili ya wafuasi, nao wafuasi, kwa michango yao, ndio walioilisha nyumba ya kiongozi.

Vita na mapinduzi viliitawanya hazina hiyo. Mwaka 1915, familia ilipokimbia Lubavitch, vitabu vilipelekwa Moscow kuhifadhiwa. Baada ya Mapinduzi ya 1917 serikali ikavitwaa. Rabi Yosef Yitzchak akaanza kukusanya upya. Alikamatwa Leningrad mwaka 1927, akaachiliwa, akahamia Latvia na baadaye Poland. Wajerumani walipoivamia Poland mwaka 1939 aliokolewa, naye akafika New York mwaka 1940 bila ya vitabu vyake. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo ilimfuata mwaka 1941.

Mwaka 1946, akijitahidi kuvipata vile vilivyosalia, alimwandikia barua mtaalamu wa vitabu Alexander Marx. Humo alieleza kwamba vitabu hivyo si mali yake binafsi bali ni vya jumuiya ya Wahasidi wa Chabad, na kwamba ni urithi wa taifa la Wayahudi. Barua hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha shauri.

Mnamo 1985 iligunduliwa kwamba mjukuu wake alikuwa amechukua vitabu vipatavyo 400 kutoka katika maktaba hiyo mjini Brooklyn, na baadhi yake ameviuza. Hoja yake haikuwa ya kubezwa. Vitabu, alidai, vilikuwa vya babu yake. Babu amekufa, na jamaa ndio warithi. Ama barua ya 1946, hiyo ilikuwa hila ya kuwavuta wakubwa wamsaidie. Jumuiya ilijibu kwamba rabi hakuwa mtu wa kusema uongo, na kwamba alichokuwa nacho alikishika kwa niaba ya watu wake. Binti wa rabi, Chaya Mushka, alitoa ushahidi uliolikata fundo: vitabu ni vya Wahasidi, kwa kuwa baba yake mwenyewe alikuwa wa Wahasidi.

Mnamo Januari 1987 Jaji Charles Sifton aliamua kwamba barua ilisema kweli, na kwamba vitabu ni amana kwa manufaa ya jumuiya. Rufani ilishindwa mwaka huo huo, na vitabu vikarejeshwa.

Yafaa kutambua, hata hivyo, kwamba hukumu hiyo haikufika Moscow. Huko vilibaki vitabu vipatavyo 12,000, navyo vinadaiwa na mwenye nguvu zaidi kuliko mjukuu, yaani dola. Mwaka 1991 mahakama moja ya huko iliamuru virudishwe, lakini amri haikutekelezwa. Hukumu ya mahakama ya Marekani ya 2010 nayo haikukubaliwa na Urusi. Mwaka 2013 vilianza kuhamishiwa katika jumba la makumbusho la Kiyahudi mjini humo, vikibaki chini ya mamlaka ya maktaba ya taifa.

Hivyo maktaba moja imedaiwa kwa njia tatu: damu, imani na dola. Damu hudai kwa haki ya kurithi, dola kwa haki ya kutwaa. Madai ya jumuiya yana msingi mwingine. Kitabu cha siri hakina maana pasipo watu wa kukisoma, kukifasiri na kukifuata. Wakitengwa nacho, hubaki karatasi na bei. Rabi alilijua hilo alipokana umiliki kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kukana huko aliwaachia wafuasi wake hoja ambayo hati ya umiliki isingaliweza kuwapa.