Awamu za Mwezi
Awamu za Mwezi ni mabadiliko ya sehemu angavu ya Mwezi inayoonekana kutoka duniani. Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Huakisi ule wa Jua. Nusu yake huwa imeangazwa wakati wote, ila kiasi tunachokiona hutegemea mahali ulipo katika njia yake ya kuizunguka Dunia, kwa umbali wa wastani wa kilomita 384,400.

Mwezi mpya hauonekani, kwa kuwa upande wake uliotuelekea uko gizani. Baada ya siku moja au mbili, hilali huandama upande wa magharibi mara Jua linapotua. Karibu na ikweta huonekana imelala kama mtumbwi. Hufuata robo ya kwanza, ambapo nusu duara huangaza, kisha mwezi mpevu, unaochomoza mashariki Jua linapozama. Baadaye mwanga hupungua hadi robo ya mwisho na kutoweka tena.

Mwezi huizunguka Dunia kwa siku 27.3, lakini awamu hukamilika kwa siku 29.5, kwa sababu wakati huo Dunia nayo imesogea katika safari yake ya kulizunguka Jua. Kila siku Mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, mwezi mpya na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana; nyakati za robo huja maji mafu.