Toleo, Nakala na Mkondo

Neno "toleo" twalitumia kwa gazeti la wiki, kwa kitabu kilichorekebishwa, na siku hizi kwa programu ya kompyuta. Twakusudia kuonyesha hapa kwamba mtu anayelinganisha programu za kale zilizosalia hawezi kuifanya kazi hiyo kwa neno hilo peke yake.

Mfano wetu ni BASIC, lugha ya kuandikia programu, kama Microsoft walivyoiandikia kichakataji 6502 mwaka 1976. Kampuni ya Commodore iliitia katika mashine yake ya PET mwaka 1977. (Mashine za namna hiyo hazikuwa na njia nyepesi ya kuingia Tanzania, kwani uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974, huenda ndiyo sababu istilahi yake ilichelewa kwetu.)

PET ya awali ikiwashwa iliandika jina la Commodore BASIC kati ya nyota tatu tatu; iliyofuata ikaliandika kati ya alama za #. Namba ya toleo haikuonekana kabisa. Hata hivyo, tofauti za ndani zilikuwa kubwa. Ya awali ilishindwa kushika safu yenye vipengele zaidi ya 256. Ya pili ilishika. Tena ya pili, ikipewa amri WAIT 6502,1, huandika MICROSOFT! kwenye kiwambo. Mwandishi alilificha jina lake ndani ya kazi, jambo lisilo geni kwa wasomaji wa tenzi za pwani, ambamo mtunzi hujitaja katika beti za mwisho.

Septemba 2025 Microsoft waliutoa hadharani msimbo chanzo wa BASIC hiyo, mistari 6,955, kwa namba 1.1. Ndiyo hiyo hiyo ambayo Commodore waliiita V2. Matini moja, namba mbili! Kisha likaja 4.0 mwaka 1980, lenye amri za disketi. Na mwaka 1982 Commodore 64 ikatoka na maandishi "BASIC V2" kiwamboni. Namba imerudi nyuma, amri zile za disketi hazimo, na amri ya WAIT haitoi tena jina lililofichwa. Karani akipanga kumbukumbu zake kwa namba, ataweka pamoja visivyo pamoja.

Kwa hiyo twapendekeza "toleo" libaki kwa namba aliyoitoa mwenye kazi, hata ikiwa ya kupotosha. "Nakala" iwe kitu chenyewe kilichosalia: kaseti, disketi au kumbukumbu ya kudumu iliyochomolewa katika mashine. Kwa ukoo wa matini, mrithi na mrithiwa, "riwaya" lingefaa sana kwa maana yake ya kale ya upokezi wa habari, lakini limekwisha kutwaliwa na hadithi ndefu. Twaona "mkondo" latosha. "Lahaja" tusiliguse: twalihitaji kwa tofauti kati ya BASIC ya kampuni hii na ya ile.

Mwalimu wa Madaba, kwenye barabara ya Makambako kwenda Songea, aweza leo kuziendesha zote kwa programu inayoigiza mashine za kale. Jalada lake la kwanza na aliandike hivi: "Mkondo wa Microsoft wa 6502, toleo 1.1, yaani V2 ya Commodore. Nakala kutoka PET."