Misuli Midogo ya Mkono na Historia ya Ukoma

Weka karatasi kati ya kidole cha mwisho na kile cha pete. Ibane, kisha mwambie jirani aivute. Nguvu iliyoizuia imetoka kwenye misuli midogo iliyo ndani ya kiganja. Misuli mikubwa inayokunja ngumi iko juu, kati ya kiwiko na kiganja, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu kama kamba. Lakini kufunga kifungo au kuokota maharagwe yaliyomwagika haiwezekani bila ile midogo.

Mingi ya misuli hiyo huamrishwa na mshipa mmoja wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, karibu sana na ngozi. Ndio ule ukigonga meza unahisi kama umepigwa na umeme! Viini vya ukoma, alivyovigundua Hansen wa Norway mwaka 1873, hupendelea sehemu za mwili zisizo na joto jingi, na hapo kwenye kiwiko huuharibu mshipa huo. Misuli hunyauka, vidole viwili vya mwisho vikakunjika kama kucha za mwewe.

Zamani wengi waliita hali hii laana, wagonjwa wakatengwa. Hapa magharibi mwa Kenya, utafiti wa ukoma ulianza Alupe, Busia, miaka ya 1950. Hata madaktari wengi waliamini kwamba mkono wa mgonjwa unaoza tu. Kisha Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyekwenda India mwaka 1946, akabanwa mkono na mgonjwa mwenye vidole vilivyokunjika, akaumia. Nguvu hiyo ilitoka wapi? Ile misuli ya juu ilikuwa hai! Brand akahamisha kano zake zifanye kazi ya misuli midogo iliyokufa, na vidole vikanyooka. Alionyesha pia kwamba vidole hupotea kwa kuungua na vidonda ambavyo mgonjwa havihisi.

Karibu na Kimilili nilimkuta kukhu mmoja ana malengelenge ya sufuria kidoleni, wala hana habari. Mgongoni alikuwa na baka lisilohisi mguso. Dawa mseto, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12. Alizimaliza. Vidole viwili havijanyooka, lakini sasa sufuria anaishika kwa kitambaa.