Asili ya Kuunganisha Majedwali kwa Funguo

Kila aliyepata kushughulika na kazi ya kamusi aijua taabu ya kadi. Neno laandikwa katika kadi moja, mfano wa matumizi yake katika nyingine, na jina la kitabu ulimotoka mfano huo katika ya tatu. Kadi zikipoteana, faida yake hupotea. Taabu ya namna hiyo iliwapata wataalamu wa kompyuta katika miaka ya 1960, na makala haya yakusudia kueleza jinsi ilivyotatuliwa.

Wakati ule kumbukumbu zilipangwa kwa namna mbili. Katika mfumo wa IMS wa kampuni ya IBM, ulioanzia katika kazi za safari za Apollo za kwenda mwezini, kumbukumbu zilishikana kama matawi ya mti. Charles Bachman, alipokuwa katika kampuni ya General Electric, alitunga mfumo mwingine ambamo kumbukumbu zilifungamana kama nyuzi za wavu. Namna zote mbili zilikuwa na kasoro moja: mwenye kutafuta habari alilazimika kuijua njia ya kuifikia. Mpango wa kumbukumbu ulipobadilishwa, programu iliyoifuata njia ya zamani ilipotea.

Edgar Frank Codd, mwanahisabati aliyezaliwa Uingereza mwaka 1923, akaajiriwa na IBM, alitoa shauri jingine katika makala yake ya Juni 1970. Habari zote ziwekwe katika majedwali, na uhusiano wa jedwali na jedwali uonekane katika yale yaliyoandikwa humo, si katika mahali yalipohifadhiwa. Kila mstari uwe na ufunguo wa msingi, usio na mwenziwe katika jedwali lile. Ufunguo huo ukiandikwa katika jedwali la pili huwa kama mgeni, nao huitwa ufunguo wa kigeni.

Na tutwae mfano katika lugha yetu. Kuna kaa la moto, kaa wa baharini, na kitenzi kaa. Tukiandika katika jedwali la mifano kwamba sentensi fulani ni ya "kaa", hatubainishi ni kaa gani. Lakini tukiyapa maneno hayo nambari 1, 2 na 3 katika jedwali la maneno, kisha tukaandika 2 kando ya kila mfano wa kaa wa baharini, shaka huondoka. Tena, tukisahihisha maana yake, twaisahihisha mahali pamoja tu.

Shauri hilo halikukubaliwa upesi. Mwaka 1974 Codd na Bachman walijadiliana hadharani huko Ann Arbor, Marekani. Wenye shaka walihofu kwamba kuunganisha majedwali kungeichelewesha mno kompyuta. Jibu lilitokana na kazi yenyewe: System R ya IBM, pamoja na Ingres ya Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, zilithibitisha kwamba jambo hilo lawezekana. Katika System R ndimo ilimokulia lugha ya SQL, iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981, akafariki mwaka 2003.

Hata hivyo, ufunguo hauamui kama kaa ni maneno mawili au matatu. Walinda tu uamuzi uliokwisha kufanywa. Kuamua kwenyewe kungali ni kazi ya mwanachuoni wa lugha, na akikosea yeye, jedwali litalihifadhi kosa lake kwa uaminifu ule ule.