Mpangaji, Mwenye Nyumba na Muda wa Kuhama

Neno kupanga lina maana mbili zinazokaa pamoja kama watu wawili katika chumba kimoja. Kupanga ni kuweka vitu kwa utaratibu; kupanga pia ni kukaa katika nyumba ya mtu mwingine kwa kumlipa kodi. Sisi tuliozoea kuhesabu mizani hatuwezi kulipita neno la namna hiyo bila kulisimamia kidogo. Mpangaji ana siku yake ya kulipa, ana zamu yake ya kufagia ukumbi na ya kuosha choo, ana fungu lake la fedha ya umeme na mahali pake pa kuanika nguo uani. Anapotolewa ghafula, utaratibu huo wote huvunjika kabla hata godoro lake halijafika barabarani.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watu wa nchi yetu walivyopata, na baadaye kwa sehemu kubwa walivyopoteza, haki ya kutotolewa nyumbani kwa siku moja. Tutaanzia Vwawa, mji tunaoishi na kufanyia kazi, kwa kuwa jambo lililo karibu huonekana vizuri zaidi.

Vwawa ni makao makuu ya Wilaya ya Mbozi, katika nchi ya Wanyiha, nchi ya kahawa na ya baridi kali mwezi Juni na Julai. Barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia inapita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita pia. Nyumba nyingi ni za matofali ya kuchoma na mabati. Mwenye nyumba hujenga vyumba vinne au sita vinavyotazamana, ukumbi ukipita katikati, na nyuma ukawapo ua wenye jiko, bomba na choo. Umbo hilo limetoka pwani, ndiyo maana huitwa nyumba ya Kiswahili, nalo limeenea bara kwa sababu linafaa kupangisha chumba kimoja kimoja. Aghalabu mwenye nyumba mwenyewe hukaa chumba cha mbele. Wapangaji humwita baba au mama, naye huwaita wanangu, hata kama mmoja wao ni mzee kuliko yeye.

Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na Vwawa ikawa makao makuu ya mkoa. Watumishi wa serikali walihamia, sisi tukiwa miongoni mwao, wala nyumba za kutosha hazikuwapo. Chumba kilichokuwa cha mwanafunzi kikatamaniwa na afisa. Yapo mambo ambayo mtumishi hapendi kuyakiri, nalo hili ni mojawapo: kuja kwetu kuliwatoa watu wengine.

Tuliliona jambo hilo katika nyumba ya vyumba sita tulimopanga mwaka uliofuata. Vyumba viwili vya nyuma vilikaliwa na wanafunzi wanne wa sekondari waliotoka vijijini, katika makao ambayo vijana huyaita geto. Mwezi Februari, mvua zikiwa bado kubwa, mwenye nyumba aliwaambia waondoke katika muda wa siku tatu, kwani alikuwa amepata mtu wa kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kodi yao ya mwezi huo walikwisha kulipa. Siku ya nne tuliporudi kazini tulikuta mlango mmoja umeng'olewa bawaba. Hakutumia nguvu nyingine yoyote. Aliuegemeza ukutani, baridi ikaachiwa ifanye kazi iliyobaki.

Je, alikuwa na haki? Ili kujibu swali hilo hapana budi turudi nyuma.

Ugomvi wa kodi si mgeni katika historia ya Waswahili. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, Unguja, waligoma kulipa kodi ya viwanja. Nyumba zilikuwa zao. Ardhi iliyo chini ya nyumba hizo ndiyo iliyodaiwa na matajiri, ambao walikuwa wakiipandisha kodi yake. Waliokamatwa kwa ajili ya kutolipa walikombolewa na umati wa watu, na serikali ya Kiingereza ikalazimika kuweka sheria ya kuzuia kodi hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1915, huko Glasgow katika Uskoti, wanawake wakiongozwa na Mary Barbour walikuwa wamegoma kulipa kodi zilizopandishwa wakati waume na wana wao wako vitani, na Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuzuia kodi kabla mwaka haujaisha. Tunayataja haya mawili pamoja ili mwanafunzi aone kwamba sheria za namna hii hazikutokana na ukarimu wa watawala. Zilidaiwa.

Tanganyika iliyojitawala ilitunga sheria yake ya kuzuia kodi za nyumba mwaka 1962, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaenda mbali zaidi: kiongozi wa TANU au wa Serikali hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Kisha mwezi Aprili 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakatwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Lakini msomaji asidhani kwamba hatua hiyo ilimgusa mpangaji wa nyumba ya vyumba sita. Thamani ya nyumba yake haikufika huko. Mwenye nyumba wake aliendelea kuwa baba mwenye nyumba, na ugomvi wao ulipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye aliwajua wote wawili na hakukubali kusikia upande mmoja tu.

Mwaka 1984 ni mwaka wa kukumbukwa. Ndipo haki za raia zilipoingizwa katika Katiba yetu, na miongoni mwazo ni ile ya kila mtu kuheshimiwa maskani yake. Mwaka huo huo ikatungwa sheria mpya ya kuzuia kodi, iliyoweka mabaraza ya nyumba ya mikoa na baraza la rufaa juu yake. Kiini cha sheria hiyo kilikuwa hiki: mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji kwa sababu tu amechoka naye. Ilimpasa kwenda barazani, ataje sababu inayotambuliwa na sheria, kama vile kodi kutolipwa, au mpangaji kuwa kero kwa majirani, au yeye mwenyewe kuihitaji nyumba hiyo aishi ndani yake. Kama baraza halikuridhika, mpangaji alibaki.

Hatusemi kwamba mambo yalikuwa mazuri kama yalivyoandikwa. Mpangaji wa Vwawa wakati huo alikuwa mtu wa Mkoa wa Mbeya, na nauli ya kwenda kulalamika mkoani ilikuwa fedha ya unga. Wenye nyumba nao walilalamika kwamba kodi iliyozuiwa haitengenezi paa linalovuja, na katika hilo walisema kweli. Hata hivyo ilikuwapo kanuni kwamba kati ya mwenye nyumba na mpangaji asimame mtu wa tatu.

Kanuni hiyo ilidhoofika kidogo kidogo. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliwaondolea wanachama wa Chama Cha Mapinduzi katazo la kupangisha nyumba, na tangu hapo mtumishi wa umma mara nyingi ni mwenye nyumba pia, jambo ambalo huenda linaeleza upole wetu tunapozungumzia habari hizi. Mwaka 2005 sheria ya 1984 ilifutwa. Upangaji ukaachwa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na kodi ikaachwa mikononi mwa mapatano ya watu wawili wasiolingana nguvu. Ndipo desturi ya kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka ilipokita mizizi.

Lakini si kweli kwamba mpangaji alibaki mtupu, ingawa wengi hudhani hivyo, wakiwamo walimu tuliowauliza. Sheria ya Ardhi inatambua mapatano ya upangaji wa muda mfupi hata kama ni ya mdomo. Anayelipa kwa mwezi bila muda wa mwisho kutajwa anastahili taarifa isiyopungua mwezi mmoja, nayo iishie siku ya kulipa kodi. Madhali mpangaji analipa na kutimiza masharti, mwenye nyumba anafungwa na ahadi ya kumwacha akae kwa utulivu. Kung'oa mlango si utulivu. Wakishindwana, shauri huanza katika Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 husuluhisha tu bila kuamua. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila mapatano, shauri hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tofauti ya zamani na sasa, basi, ni kwamba mtu wa tatu haji mpaka aitwe. Na anayejua kumwita ni nani? Mwenye nyumba ana karatasi na ana miaka mingi mtaani. Mwanafunzi ana sanduku la bati. Tena katika chumba cha watu wawili aghalabu jina lililoandikwa ni la mmoja. Huyo akihama, mwenzake aliyekuwa akimpa nusu ya kodi mkononi hubaki mgeni machoni pa mwenye nyumba, wala hana stakabadhi ya kuonyesha kwamba alilipa hata shilingi moja.

Vijana wale wanne walikuwa na bahati katika jambo moja dogo. Mmoja wao alikuwa na daftari la hesabu ambamo kila mwezi aliandika kiasi alichotoa, na mama mwenye nyumba, kwa mazoea ya zamani, alikuwa akitia sahihi pembeni. Tulilichukua daftari hilo, tukaenda nalo jioni ile ile kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee aliyekuwa amekwisha vaa koti la kulalia. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa chini ya taa, akamtuma kijana kumwita mwenye nyumba. Hakumgombeza. Alimwuliza tu sahihi ile ni ya nani.

Mlango ulirudishwa usiku ule, kwa misumari, kwani bawaba moja ilikuwa imepotea. Vijana walikaa mpaka mwisho wa mwezi wa Machi, wakapata vyumba upande wa Ichenjezya, wakahama mchana na vitu vyao vikiwa vimefungwa vizuri.