Meza ya Juu na Meza ya Chini

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Juma hili nakupeleka Marekani, kwenye hoteli ambayo wakubwa waliandaliwa chini yake mahali pa kushukia, tena pamoja na chakula chao.

Hoteli hiyo ni The Greenbrier, katika mji mdogo wa White Sulphur Springs, jimbo la West Virginia. Matajiri walianza kwenda huko zamani kwa ajili ya maji ya chemchemi. Mlo wa jioni katika ukumbi mkuu ulikuwa sherehe: taa za vioo darini, vitambaa vyeupe mezani, na kwa miaka mingi mwanamume asiye na koti na tai hakuruhusiwa kuingia.

Meza hizo zimeona mengi. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, wanadiplomasia wa Ujerumani na Italia walizuiliwa hapo hapo, na baadaye wa Japani. Mahabusu wakawa wanapakuliwa chakula na wahudumu wa hoteli! Serikali ilikuwa na hesabu yake: ilitaka watu wake waliokuwa mikononi mwa adui nao watendewe vyema.

Lakini iko meza ambayo wageni hawakuiona. Kuanzia mwaka 1958, wakati wa Vita Baridi, serikali ilichimba handaki la zege chini ya hoteli, ili Bunge zima la Marekani likimbilie humo vita vya nyuklia vikizuka. Jengo jipya la hoteli lililopandishwa juu yake likawa kisingizio cha ujenzi. Mlango mmoja ulikuwa na uzito wa tani 25. Ndani kulikuwa na vitanda, zahanati, jiko na bwalo la chakula. Ukutani mwa bwalo yakawekwa madirisha ya bandia yenye picha za mandhari ya shamba, ili mheshimiwa akila asijione amefukiwa. Watunzaji wa handaki walijifanya mafundi wa televisheni wa hoteli.

Siri hiyo ilidumu miaka 30, hadi mwandishi Ted Gup alipoifichua katika gazeti la The Washington Post mwaka 1992. Handaki likaachwa, na tangu 1995 watalii hutembezwa humo.

Sikatai, nchi inahitaji viongozi hata baada ya balaa. Lakini hebu tujiulize: mlango ule ukishafungwa, yule mpishi wa juu, mfua mashuka na mkulima aliyeleta viazi wangekula wapi? Tumezoea kusema tembo wakipigana nyasi huumia. Hapa tembo walichimbiwa shimo, nyasi zikaachwa juu.

Na kiongozi anayekula akitazama dirisha la kuchorwa ataona shamba la kijani siku zote, hata kama nje kumeungua.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo.